Ridhaa ya Marehemu

Nilipoombwa kujiunga na kamati ya maadili ya utafiti, nilidhani wanataka mtu wa kuwakanya vijana. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na katika shule nilizofundisha maadili yalikuwa urefu wa sketi na namna ya kumsalimu mgeni. Daktari aliyekuwa mwenyekiti alicheka nilipomwambia hivyo. Akanieleza kwamba kila utafiti unaofanywa kwa binadamu, pamoja na matibabu fulani mapya, lazima kwanza upite mbele ya watu watakaouliza: mgonjwa ameelewa? Amekubali kwa hiari yake? Nani ataumia? Madaktari walikuwa wa kutosha. Walimtaka mtu wa kawaida anayeweza kusema "sijaelewa" bila kuona haya.

"Kazi yako ni hiyo tu, mwalimu," aliniambia. "Ukiona tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, utusimamishe."

Tulikuwa tukikutana hapa Lodwar, katika chumba chenye feni iliyozunguka kwa kulalamika. Maombi mengi yalikuwa mepesi. Huyu anataka kupima damu ya watoto wa Kataboi ajue lishe yao, yule anataka kuwauliza wafugaji juu ya homa. Nilisema "sijaelewa" mara nyingi, na mara nyingi maelezo yakarudishwa yakaandikwe kwa lugha ya watu. Niliipenda kazi ile. Kwa mjane aliyestaafu ilikuwa sababu ya kupiga pasi nguo.

Kisha likaja ombi la mwanamke wa Kakuma.

Mwenyekiti alitueleza mwenyewe, polepole. Mwanamke huyo alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini, Mdinka, aliyeletwa kambini akiwa mdogo na kukulia humo. Mumewe alikuwa fundi wa simu. Alipopatikana na saratani ya tezi alipelekwa Nairobi, na huko wakaambiwa kwamba dawa atakazopewa huenda zikamwondolea uwezo wa kuzaa. Kwa hiyo, kabla ya dawa kuanza, mbegu zake zilichukuliwa zikagandishwa katika kliniki moja, zimsubiri apone. Hakupona. Sasa mjane alitaka mbegu zile zitumike kumpatia mimba. Kliniki ilikuwa na mradi wa utafiti uliowasaidia wanawake wa sehemu za mbali kupata watoto kwa utungishaji wa nje ya mwili, na walikuwa tayari kumpokea. Lakini kwa kuwa aliishi upande wetu, na kwa kuwa mwenye mbegu alikuwa amekufa, walitaka kamati yetu iseme kwanza.

"Alikubali zihifadhiwe," mwenyekiti alisema. "Hakuna aliyemuuliza zifanywe nini akifa."

"Wangemuulizaje?" Huyo alikuwa muuguzi, mjumbe mwenzangu, mama wa Kiturkana ambaye mikono yake imepokea watoto wengi wa mji huu. "Mtu anapigania uhai wake, halafu wewe umletee habari za akifa?"

Padre, naye mjumbe, alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Basi tumwache," alisema. "Maiti haulizwi."

Kauli ile ilinirudisha kwa marehemu wangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa afisa wa maji. Tulikuja Lodwar tukiwa vijana, wageni kutoka magharibi mwa nchi, tukidhani tutakaa kidogo kisha tuombe uhamisho. Yeye akachimba visima, mimi nikafundisha, na uhamisho hatukuuomba. Watoto hawakuja. Tulizunguka hospitali mpaka tukachoka, tukaombewa mpaka wanaotuombea wakachoka, hatimaye tukalinyamazia jambo lile.

Siku aliyokufa alikuwa akirudi kutoka Kakuma. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani upande wa Uganda, na huku kwetu hakukuwa na hata wingu. Alinipigia simu akiwa njiani, akauliza, "Maji yamerudi?" Alimaanisha maji ya bomba, maana yalikuwa yamekatika nyumbani. Nikamwambia bado. Akasema sawa. Laga, mto mkavu unaokatisha barabara ile, lilishuka jioni hiyohiyo, likalibeba gari lake. Mtu wa maji aliuawa na maji, na neno lake la mwisho kwangu likawa hilo.

Kwao, baada ya mazishi, wazee waliniita wakaniambia jina la marehemu halifai kupotea. Shemeji yangu walikuwa wamekwisha kumkalisha pale, anatazama viatu vyake. Kama ningezaa naye, mtoto angehesabiwa wa marehemu. Nilikataa. Nikarudi kwenye nyumba yetu ya Nawoitorong, hapa Lodwar, na tangu hapo, mchana jua linapokuwa kali mpaka mbuzi wanajibana kwenye vivuli vya kuta, nilikuwa nikisikia bomba la uani likikohoa kama linaloanza kutoa maji. Nikitoka nakuta ni kavu. Sikumwambia mtu.

Kamati iliamua kwamba wajumbe wawili waende Kakuma wakawasikilize mjane na wakwe zake, wajue kama marehemu aliacha neno lolote. Wakachaguliwa muuguzi na mimi, kwa sababu tulikuwa wanawake.

Tulipofika kwenye laga lile, dereva alipunguza mwendo. Mchanga ulikuwa mkavu, na wanawake walikuwa wameuchimba mashimo wanateka maji kwa vikombe. Muuguzi alikuwa anajua. Alinishika mkono mpaka tukapanda ng'ambo ya pili, kisha akauachia, akaanza kuzungumza juu ya bei ya mkaa.

Nyumba ya mjane ilikuwa ndani ya kambi, ya matofali ya udongo na mabati, uani mti mmoja wa mathenge uliokatwa matawi ya chini ili watu wakae. "Ejok!" muuguzi aliita kwa mazoea, kama anavyobisha kila mlango. "Ejok noi," sauti ikaitikia, na mjane akatoka. Nilimtarajia mtu mnyonge. Huyu alikuwa mrefu, wima, na vidole vyake vilikuwa na alama ndogo za kuungua. Baada ya mumewe kufa aliishika kazi yake, akajifunza kuchomelea nyaya za simu, na kibanda hakikufungwa.

Pale chini ya mti alikuwepo mama mkwe wake, kikongwe aliyeketi mkekani amenyoosha miguu, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamume mwenye mke na watoto wake, aliyekuwa akiongoza kwaya kanisani kwao. Yeye ndiye aliyemtafsiria mama, maana mama alijua Kidinka na Kiarabu cha Juba tu.

Kwenye kimeza karibu na mama palikuwa na simu, waya wake umepanda mpaka kwenye paneli ya sola juu ya paa. Tulikuwa hatujamaliza hata salamu ilipoita. Hakuna aliyeinuka. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Ni ya ndugu yangu," shemeji alisema. "Wateja wengine hawajasikia. Mama hataki laini ifungwe."

"Kwa nini hamwajibu?" muuguzi akauliza.

Alimtafsiria mama. Mama akajibu bila kututazama.

"Anasema si sisi wenye tunaitwa."

Muuguzi alieleza tulichofuata. Alieleza vizuri, bila maneno ya vitabuni: kwamba mbegu ni za mtu, hata akifa, kwamba yeye alizitoa akiwa na tumaini la kupona, kwamba sisi tunataka kujua angependa nini. Mjane alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Mimi nataka mtoto ya bwana yangu," alisema. "Si mtoto yenye wanaita ya bwana yangu. Yake."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisha akatueleza mambo ambayo mimi sikuhitaji kuelezwa. Kwao mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake huingia katika nyumba ile, na watakaozaliwa ni watoto wa marehemu, wanachukua jina lake. Marehemu asipopata mtoto hatulii. Anarudi kuuliza.

"Anarudi wapi?" nikauliza.

"Kwangu," alisema. "Nikifunga macho tu. Hata kanisani, tukiinamisha vichwa kuomba."

Ikabidi tuulize swali lililotuleta. Nililiuliza mimi. Nilimgeukia mjane nikasema, "Mama, kabla hajafariki, aliwahi kusema chochote juu ya zile mbegu za Nairobi? Kama akifa?"

Kila mtu pale alijua jibu lenye faida. Angesema tu: ndiyo, alisema nizitumie. Nani angempinga? Nilimwona analifikiria, au nadhani nilimwona, maana alikuwa akisugua alama moja kidoleni.

"Alisema nikikufa, wewe uolewe," alisema hatimaye. "Usikae kwa hii maneno. Mimi nikakataa. Nikamuuliza, nichukue ile yenye iko kliniki? Akanyamaza sana. Nilifikiri amelala. Halafu akasema..." Akayasema kwa Kidinka. Yalikuwa maneno machache mafupi.

Mama mkwe aliinua uso. Shemeji alifumba macho.

"Maana yake nini?" muuguzi akauliza.

"Fanya vile unataka," mjane alisema.

"Hapana," shemeji alisema taratibu, bila ukali. "Mimi pia nilikuwa hapo kwa kitanda. Si hivyo. Ni vile mtu anasema akichoka. Niache. Niache nipumzike."

Mama alitaka kujua tunasema nini. Alipoelezwa alipiga mchanga kwa kiganja, akazungumza kwa haraka, na mwanawe akachelewa kutafsiri mpaka akamwamuru kwa macho.

"Mama alikuwa kwa simu siku hiyo, tulikuwa tumeweka sauti ya nje ndio amsikie mtoto wake. Anasema maana ni, nimekuachia wewe. Amemkabidhi."

Fanya utakavyo. Niache nipumzike. Nimekuachia wewe. Nilimwomba mjane ayarudie maneno yale. Sijui kwa nini, maana sikuwa nayaelewa. Akayarudia, na safari hii alijaribu kuyasema kama yalivyosemwa: sauti ikashuka, ikawa nzito, pumzi ikakatika katikati. Muuguzi, mwanamke aliyeona watu wengi wakizaliwa na wengi wakifa, alijifunika khanga mabegani katika jua lile.

Lilibaki jambo jingine, nalo lilikuwa baya. Watafiti wa kliniki walikuwa wameomba kwamba mjane akishapata mimba, mbegu zitakazosalia zitumike katika uchunguzi wao wa maabara. Muuguzi alilisema kwa aibu, na katika kutafuta neno la Kiswahili akasema "mabaki."

Mama mkwe alipotafsiriwa hakupiga mchanga tena. Alisema neno moja.

"Anasema mabaki ni ya chakula," shemeji alisema.

"Mwambie hilo halitafanyika," muuguzi alijibu. "Mwambie nimelikataa hapahapa."

Mjane alinisindikiza. Tulipita kibandani kwake ili anionyeshe mahali anapofanyia kazi: meza nyembamba, taa yenye shingo, simu zilizofunguliwa matumbo. Aliniuliza ghafla, "Mwalimu, wewe pia ni mjane?"

"Umejuaje?"

"Vile uliangalia ile simu."

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza wangu alisema nini mwisho. Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, na nikajikuta namwambia: aliuliza kama maji yamerudi. Nikamwambia pia kwamba nimelizungusha neno lile miaka yote, nikilitafutia maana. Je, alikuwa ameona kitu? Alikuwa ananiaga? Alikuwa ananionya?

Alilifikiria kwa makini, kama fundi anavyofikiria simu isiyowaka.

"Labda alikuwa na kiu," alisema.

Garini, kabla dereva hajawasha injini, shemeji alikuja mpaka dirishani kwangu. Alishika mlango kwa mikono miwili.

"Mama, mkikataa, mimi ndio nitaambiwa niingie kwa ile nyumba. Nikikataa, mama yangu hatanisamehe, na ndugu yangu hataniacha. Nikikubali, nitamwangalia mke wangu na macho gani?"

"Lakini wewe ndiye uliyesema alitaka kuachwa apumzike."

"Ndiyo," alisema. "Nimewaambia ukweli. Sasa mnisaidie."

Siku zilizofuata maneno yale ya Kidinka hayakuniacha. Ilikuwa sauti tu, bila maana, yenye kukatika katikati. Nilikuwa nayasikia nikichuja chai, nayasikia sokoni muuzaji akiniuliza nataka kilo ngapi. Bomba la uani lilinyamaza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa kuwa nilihisi kwamba aliyekuwa akikohoa kule sasa amekaa, anasikiliza nitaamua nini.

Kikao kilipofika nilieleza yote, bila kupunguza: kwamba alimtaka aolewe, kwamba aliulizwa, kwamba alijibu, na kwamba jibu lile lina maana tatu kutegemea nani anatafsiri. Mwenyekiti alijishika paji la uso.

"Kwa sheria ya utafiti, hii si ridhaa," alisema. "Ridhaa ni neno lililo wazi."

"Kwa watu pia si kukataa," muuguzi alisema.

Padre alisema kwamba tumewafanya marehemu wasilale, kwamba teknolojia imetupa uwezo wa kuwagongea milango na sisi tunagonga kwa sababu tu upo. Alisema bila hasira, na nikamwona ametazama mikono yake. Mwenyekiti akamuuliza kama ni afadhali mila ichukue mkondo wake na shemeji aingizwe katika nyumba asiyoitaka.

"Kuna mtu mmoja hatujamtaja," muuguzi alisema. "Mtoto mwenyewe. Akizaliwa atakuwa mtoto, ama atakuwa dawa ya watu wazima? Bibi anataka mwanawe arudi. Mjomba wake, sijui nimwite baba mdogo, anataka ndoto ziishe. Mama yake anataka mumewe. Nani anataka mtoto?"

Feni ikaendelea kulalamika.

"Hata hivyo mimi nitakubali," aliendelea. "Nimepokea watoto wengi. Waliotafutwa kwa sababu nzuri ni wachache. Wanakuja tu, halafu wanatufundisha sababu."

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Padre alikataa. Mimi nilikataa pamoja naye. Wengine wote walikubali, na ombi likapita, kwa masharti: mjane angojee kwanza na apate mshauri wa kuzungumza naye, shemeji asilazimishwe jambo lolote, mbegu zisiguswe na maabara yoyote, na mtoto, akikua, aelezwe ukweli.

Muuguzi alinitazama mkono wangu ulipobaki chini. Hakuniuliza. Kama angeniuliza ningesema nilimwamini shemeji, kwa sababu ndiye pekee aliyetafsiri maneno yale dhidi ya faida yake mwenyewe. Hiyo ni kweli. Lakini nikiwa nyumbani nilijiuliza swali jingine. Mimi nilikuwa nimekataa kumpa marehemu wangu mtoto, na jina lake likaishia kwenye msalaba wa simenti huko kwao. Je, nilimhurumia fundi wa simu, ama nilimwonea wivu mwanamke aliyepewa njia ambayo mimi sikupewa? Mpaka leo sijui. Yote mawili yanaingia katika mkono mmoja usioinuka.

Habari zilinifikia kupitia kwa muuguzi. Mjane amekwenda Nairobi. Mara ya kwanza haikushika. Amerudi, ametulia, amekwenda tena. Imeshika. Kisha siku moja alinikuta sokoni, akaweka kikapu chini na kusema, "Msichana. Wote wazima."

Nilisema Mungu asifiwe, na nilimaanisha. Halafu nikaenda nyumbani nikakaa juu ya kitanda bila kuvua viatu. Yupo mtu Kakuma, niliwaza, ana vidole na kucha, na mimi niliulizwa kama awepo, nikasema hapana. Wengi tunawatakia watu mabaya katika hasira. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa nimekunywa chai ya kikao, nikasikiliza hoja, nikasema asiwepo.

Sikwenda kumwona. Nilitafuta visingizio: joto, miguu, usalama wa barabara. Mtoto akaanza kutambaa, akasimama, na mama yake akanipigia simu. "Mwalimu, wenye walikuja siku ile ni wawili. Mmoja ameona mtoto. Wewe je?"

Nikaenda.

Alikuwa kibandani kwake, akifanya kazi, na mtoto alikuwa sakafuni juu ya gunia akigonga kifuniko kwa kifuniko. Mweusi, anayeng'aa, na macho yaliyonitazama moja kwa moja kisha yakaniacha, hayakuona la ajabu. Niliketi kwenye kigoda. Mama yake alinipa maji, nikanywa.

Aliniambia mambo yalivyo. Shemeji haoti tena, na kwaya imekwenda kuimba mpaka Lokichoggio. Mama mkwe ameacha kulia. Lakini kikongwe yule anamwita mtoto kwa jina la mwanawe. Si kwa heshima tu, kama wengine wanavyowapa watoto majina ya waliotangulia. Anazungumza naye. Anamgombeza kwa kuondoka bila kuaga, anamwambia amechelewa kurudi, anamuuliza kama bado kifua kinamuuma.

"Nimemwambia, mama, huyu ni msichana," alisema. "Ananicheka. Anasema hata huko alikotoka mtu anachoka, anabadilisha."

"Na wewe?"

"Mimi namwita Mtoto. Hiyo tu. Mpaka ajue jina ni yake, ndio nitamwita."

Mtoto aliangusha kifuniko kikabingirika mpaka mguuni kwangu. Nikakiokota, nikampa. Alikipokea kama haki yake. Na hapo nikaona siwezi kunywa maji ya nyumba ile nikiwa nimelificha neno langu.

"Nina jambo la kukuambia," nilisema. "Siku ya kura, mimi nilisema hapana."

Hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea, na moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye simu ya mtu. Alimaliza alichokuwa anaunganisha, akapuliza, akakiweka chuma kwenye kishikio chake.

"Kwa nini?"

"Nilisikia kama alitaka kuachwa apumzike."

Nje kijana mmoja wa boda boda alikuwa anabishana na abiria kwa Kifaransa.

"Hata mimi nilisikia hivyo," alisema. "Siku hiyo hospitali, kabla ya mtu kunitafsiria. Mimi ni bibi yake, nilijua sauti yake. Alikuwa amechoka." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Lakini yeye alikuwa anaenda, mwalimu. Mimi ndio nilikuwa nabaki."

Aliinama, akamwinua mtoto kwapani na kumweka mapajani kwangu, kama mtu anayeweka mzigo mahali pake.

"Mshike basi," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Sikuwa nimeshika mtoto kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau jinsi wanavyokuwa na joto, na jinsi wanavyokuwa wazito wakikuamini. Alivuta shanga ya shingo yangu, akaionja, akaiacha. Kisha akaegemea kifua changu, na pumzi yake ikaanza kwenda polepole. Nilikaa nimenyooka, naogopa kumwamsha.

Kivuli kikaanguka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekuja na fimbo yake. Hakunisalimu, alikuwa na haraka, kama mama aliyepotelewa na mtoto sokoni. Akaita jina. Lilikuwa jina la mwanamume, jina ambalo nililisikia mara nyingi katika vikao vyetu na ambalo nimeahidi kutoliandika. Aliliita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aje ale.

Mtoto, katika usingizi, aligeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Mikono yangu ilimkaza bila mimi kuiambia. Sijui kama nilikuwa namzuia asiende ama nilikuwa naogopa kubaki naye. Mama yake aliacha kazi. Alimtazama mtoto, akamtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona hofu usoni mwake, ndogo, ikapita.

"Amelala, mama," alimwambia kikongwe kwa Kiarabu cha Juba, akionyesha macho yaliyofumba, hata mimi nikaelewa. "Mwache alale."

Kikongwe alisimama akifikiria. Kisha akaingia, akajishusha taratibu juu ya gunia karibu na miguu yangu, akaweka fimbo chini, na akaanza kumngojea aamke.